Kola Inayocheza

Nyanzobe ameilaza juu ya gazeti la juzi,
mdomo ukielekea ukutani, kama nilivyowafundisha,
magazini pembeni, chemba tupu.
"Fundi, inapiga kelele."
Si bastola. Kola.

Ile plastiki nyeusi, nyembamba kama ukucha,
inayovishwa shingoni mwa magazini ndefu
ili kidole cha mwisho kisining'inie hewani.
Imelegea. Inapanda, inashuka,
kacha, kacha,
usiku kucha kwenye ghala la mabondo pale Igogo
ambako hata panya hutembea kwa kunyata.
Na ikipanda sana, magazini haikai:
unasukuma, unadhani imeshika,
kumbe imekuchekea tu.

Miaka kumi na tisa niko hapa,
chumba kimoja nyuma ya ofisi ya kampuni,
dirisha likitazama mawe
na katikati ya mawe mawili kipande cha ziwa
kisichozidi leso.
Kukaza najua. Niliyoshindwa kuyakaza
hayakuwa na skrubu.

Nilianza na gundi ya viatu.
Ilishika mpaka saa sita, joto likaingia,
ikabanduka kama utando wa maziwa.
Nikaweka karatasi. Jasho la kiganja likaila.
Ipo ile gundi kali ya vichupa vidogo, inayogandisha hata vidole,
lakini kisichofunguka hakisafishiki,
na vumbi la Mwanza haliombi ruhusa.

Nikakaa.
Yeye anahesabu risasi kwenye kifuniko cha ndoo,
midomo ikicheza bila sauti.
Kumi na saba.
Jana kumi na saba, mwaka jana kumi na saba
zilezile, zimeng'aa kwa kuhesabiwa.
Ndipo nikaiona pete.

Imemzidi. Tangu Magesa avuke kwenda Ukerewe na injini mpya,
na injini ikarudishwa na watu wengine,
amekonda hadi vidoleni.
Kwa chini, upande wa kiganja,
ameizungushia uzi wa nyavu,
mizunguko iliyobanana, sikuweza kuihesabu,
na fundo kalificha ndani kabisa.
Pete haichomoki. Wala haimbani.

Sikusema kitu.
Kwenye droo kulikuwa na mpira wa ndani wa baiskeli,
wa mwanangu, alipokuwa na miaka ya kupanda baiskeli.
Nikakata ukanda, upana wa njiti ya kiberiti,
mwingine mwembamba zaidi kwa upande wa nyuma,
nikaulaza ndani ya kola, usoni hauonekani,
nikaitelezesha tena juu ya chuma kilekile.
Ikakataa kidogo. Nikaishawishi kwa dole gumba.
Ikaingia.

Nikaitikisa sikioni.
Nikasikia feni ya ofisini, mwanamke anayeita wateja wa dagaa,
moyo wangu wenyewe, mzembe.
Kola, hapana.
Nikasukuma magazini tupu mahali pake: tak.
Nikatoa. Nikasukuma tena. Tak.
Mara ya tatu haikuwa na sababu,
niliupenda tu mlio.

"Hii umejifunzia wapi?"
"Kwa fundi mmoja. Mwanamke."
"Wa hapa Mwanza?"
"Wa hapa hapa."
Akanitazama, kisha akautazama mkono wake,
kisha mkono ukashuka chini ya meza
kama kenge anavyorudi majini, bila haraka.

Daftarini nimeandika:
saa kumi na moja na nusu jioni, bastola moja,
magazini ndefu moja, kola imekazwa kwa mpira,
risasi kumi na saba zimetoka.
Akatia sahihi kwa mkono wa kushoto,
ambao hautumii kuandika.

Kesho alfajiri atarudi ananuka samaki na baridi.
Nitamwaga risasi kwenye kifuniko cha ndoo.
Nitahesabu polepole.